Ubavu wa Ndege Uliopitiwa na Moto

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi Mkuu alinipa kipande cha bamba la ndege nikishike. Kilikuwa chepesi hata nikahisi nimeshika ukungu.

"Alumini iliyochanganywa na lithiamu," alisema. "Nyepesi, ngumu, lakini joto linaweza kuilegeza. Kazi yetu ni kujua nguvu zake bila kuikwaruza."

"Tutazijuaje kweli bila kuivunja?"

"Shikamoo hujasema, maswali tayari!"

Nilijifunza kwake katika karakana ya Mbeya. Tulipaka jeli, tukapeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma. Kasi yake ilionyesha ukakamavu. Kisha koili ndogo iliamsha umeme ndani ya bamba, na jinsi ulivyopita tukakisia kama joto limelilegeza. Kukisia ni neno langu. Yeye alisema kupima.

Msimu mmoja wa kuchoma nyasi tulitumwa Sumbawanga. Moto ulikuwa umeruka ukalamba ubavu wa ndege ndogo iliyoegeshwa uwanjani. Ndege hiyo ndiyo ingempeleka shangazi yangu wa Milepa kupasuliwa mguu Mbeya. Alilala kwenye machela kibandani, amefunikwa blanketi mbili, na daktari alisema barabara ingeuumiza zaidi mguu ule.

Asubuhi hiyo uwanda wote wa Ufipa ulikuwa mweupe. Ndege ilielea ndani ya ukungu kama kitu kinachokumbukwa nusu. Nilipima. Umeme ulipita kwa wepesi uliozidi kiwango, dalili ya chuma kilicholegea.

"Hairuki," alisema Mkaguzi Mkuu.

Sikukubali. "Mzee, kipande cha kulinganishia kiko wapi?"

Akakitoa kwenye koti; ndicho kipande kizima tulichorekebishia kifaa kabla ya kupima. Kwa baridi ile sote tulivitia vipande vile mifukoni, maana vilichoma vidole. Lakini chuma kilichopata joto la mfukoni na chuma chenye baridi havipitishi umeme sawasawa; mizani yetu ilikuwa imeanza na uongo.

"Kweli," alisema, akikiweka juu ya bawa. "Tusubiri vilingane baridi."

Tulisubiri. Shangazi akaniita, "Mwanangu, huyo ndege wako anaumwa nini?"

"Ndiyo tunamuuliza, shangazi."

"Muulize haraka. Mimi mguu umeshajibu."

Niliporekebisha kifaa na kupima tena, namba zilishuka hadi kiwango karibu bamba zima. Nikaanza kutumaini. Halafu nikafika karibu na mkia, sehemu ndogo kama kiganja, na hapo hazikushuka. Nilirudia. Nikahamisha koili, nikarudia.

Mkaguzi Mkuu alinigeukia. "Wewe ndiye umeshika kifaa. Sema."

"Hairuki," nilisema.

Shangazi alikwenda kwa gari. Kwenye kila tuta alipiga kelele, nami nilikuwa pembeni yake nikishikilia machela. Mguu ulipona, ila umepinda.

Niliacha kazi mapema, kabla ya mvi. Siku hizi nafundisha fizikia hapa mjini. Bamba lile lilibanduliwa likayeyushwa, hakuna aliyelivuta mpaka likatike ili kujua kama kweli lilikuwa limelegea. Wakati mwingine naliona usingizini, zima, likipita juu ya mashamba ya ulezi bila sauti.

Jumapili moja shangazi aliniuliza, "Ndege ile ingeanguka?"

"Sijui."

"Na ukakataa."

"Nikakataa."

Akaunyoosha ule mguu uliopinda kwenye jua. "Basi sogea. Unanizibia."