Sifuna Akizima Injini

Sifuna hakupenda kuzima injini. Basi lenyewe lilikuwa la serikali, limechoka hoi, na selfu yake ya kuwashia ilikufa siku nyingi bila mtu wa kuitengeneza. Ukilizima njiani, haya, abiria wote chini, kina mama na kuku wao, wasukume. Kwa hiyo tangu litoke Kampala asubuhi mpaka lifike Kayunga na kurudi, injini ilinguruma tu. Watu walishuka, watu walipanda, mikungu ya matoke ilirushwa juu ya keria, na yeye mguu juu ya mafuta. Akizima, ujue kuna mtu amekufa.

Desturi hiyo haikutungwa na mtu. Sifuna alikuwa Mkenya wa upande wa Busia, aliyekuja Kampala kutafuta kazi vita vya themanini na sita vilipokwisha. Alipanga chumba Naguru, akapewa njia ile ya shamba ambayo madereva wengine waliikataa. Simu huko hakuna. Mtu akifia hospitali mjini, jamaa zake walikimbilia paki ya mabasi kumwambia dereva awapelekee wa nyumbani habari. Mara ya kwanza alipotumwa hivyo, Sifuna alifika mahali, akashusha kioo, akapaza sauti kwa Kiswahili chake safi cha Busia: "Wenyewe mko wapi? Tokeni!"

Wee! Kiswahili watu wale walikuwa wamekisikia kwa wanajeshi tu, miaka yote ya vita, na aliyewaambia tokeni hakuwa amewaletea heri. Waliingia migombani wote, wakubwa kwa wadogo, hata bibi mmoja wa fimbo alikimbia, fimbo akaiacha uani. Sifuna aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Tangu siku hiyo hakumwita mtu tena. Alisimamisha basi mbele ya nyumba ya mfiwa, akazima injini, akavua kofia, akakaa. Kimya kile kilitosha. Mwenye msiba alitoka taratibu, akaambiwa jina dirishani, akaangua kilio, na wanawake wa jirani wakamwitikia kutoka mashambani. Ni lazima aanze yeye mwenyewe. Kabla hajaanza, hakuna anayethubutu kufungua mdomo. Baadaye abiria walishuka, wakasukuma, na safari ikaendelea.

Mwanzoni Sifuna alikuwa akilia na wafiwa. Usicheke, mtu ni mtu. Lakini ugonjwa wa silimu, yaani ukimwi, ukaingia, na habari zikawa za kila wiki, halafu karibu za kila safari: vijana aliokuwa amewapandisha basi hilohilo wakienda mjini na sanduku jipya la bati, sasa anarudisha majina yao. Moyo ukafa ganzi. Alifika, akazima, akataja jina, akavaa kofia. Akifika Kayunga alikula wali na maharage, akamaliza sahani. Usiku alilala fofofo. Okinyi, konda wake, alimwambia siku moja, "Bwana Sifuna, wewe siku hizi ni kama unapeleka magunia," naye akajibu kwamba magunia ni afadhali, magunia yana mtu wa kuyapokea kwa furaha. Hakuwa anafanya mzaha.

Sasa, pale paki palikuwa na Habibah, muuza chai. Msichana mwenye mdomo, jamani! Dereva akikawia kulipa, paki nzima itajua na mama mkwe wake atajua. Kwao kulikuwa Nalumuli, steji ambayo ilikuwa nyumba moja tu barabarani, nyumba ya mama yake. Ila kwao hakuenda. Baba yake alipokufa, Sifuna ndiye aliyezima injini pale Nalumuli, na Habibah hakwenda kuzika. Kumbe alikuwa tayari ameanza kukonda, nguo zinamcheza mwilini, akaogopa macho ya watu matangani. Hilo mama yake hakuambiwa. Alichokijua ni kwamba mwanawe hakumtupia baba yake hata konzi ya udongo.

Habibah alipolazwa Mulago, Sifuna alimpitia wodini akiwa na zamu fupi. Habibah alikuwa amebaki macho na mdomo.

"Kaka Sifuna, mwambie mama aje. Mwambie hali yangu si ya kungoja."

Sifuna aliyapeleka maneno hayo. Mama Habibah alisimama chini ya dirisha la basi, mikono kiunoni.

"Aliondoka na miguu yake, ssebo. Arudi na miguu yake."

"Mama, hawezi kutembea."

"Baba yake pia hakuweza. Alimngoja mpaka kaburini."

Sifuna alikanyaga mafuta. Wiki iliyofuata alipeleka tena, na nyingine tena, na kila mara alirudi na jibu lile lile, akampa mgonjwa kama lilivyo, bila kulipunguza wala kulitia sukari. Habibah alikuwa akigeukia ukutani. Alikuwa anakufa, na alitaka mama yake tu, na mama alikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa basi. Sifuna aliliona hilo wazi kabisa. Halikumwuma, na kutoumwa kwake ndiko kulikomtia hofu kidogo, pale alipokuwa na nafasi ya kujifikiria.

Siku moja wakitoka Kayunga, dizeli ilikuwa na maji. Basi lilianza kukohoa kabla ya Nalumuli, likajikokota, likajikokota, likafika mbele ya nyumba ya Mama Habibah likazima. Lenyewe. Pu!

Kimya.

Sifuna alivua kofia ajifute jasho. Mungu wangu, mkono ulikuwa bado kichwani alipomwona mama yule mlangoni. Hakuja dirishani kuuliza jina. Jina la nani tena? Alianguka magoti pale pale, akaangua kilio cha kukata maini, "Habibah wange! Mwanangu nimemkataa! Nimemkataa!" Wanawake wa mashamba ya nyuma wakamwitikia, wakaja mbio na majembe mikononi. Mmoja alimfunga Mama Habibah kitambaa kiunoni, kama anavyofungwa aliyefiwa.

Okinyi alichungulia kwa dereva, macho yamemtoka. "Mwambie! Hakuna mtu amekufa. Ni dizeli!"

Sifuna alipiga hesabu. Akimwambia sasa, mama atanyanyuka, atajipangusa magoti, hasira itamrudia kwa fedheha ya kulizwa bure mbele ya majirani, na mjini hatakanyaga. Alivaa kofia.

"Mpandishe," alimwambia Okinyi. "Kiti cha mbele."

"Sifuna, hii ni dhambi."

"Mpandishe."

Watu walisukuma, injini ikashika. Njia nzima mama alilia nyuma ya kisogo chake, akiomba radhi kwa mtu aliye hai, na abiria wakimpa pole, bambi, pole, Mungu ndiye ajuaye. Sifuna aliangalia barabara. Alingoja kitu kimpige kifuani, aibu au huruma, chochote. Hakikuja.

Walipofika Mulago, mama alishika njia ya mochwari. Sifuna alimshika mkono. "Tuanzie huku, mama." Akampandisha ngazi, akamwingiza wodini. Habibah alikuwa ameegemea mto, anakunywa uji. Alimtazama mama yake, akakiona kitambaa kiunoni.

"Mama! Nani amekufa?"

Mama Habibah alisimama kama amepigwa na radi. Alimgeukia Sifuna, akamzaba kofi, paa! hadi wagonjwa wa vitanda vya pembeni wakaketi. Ndipo akamwendea mwanawe.

"Wewe," alisema. "Umekufa wewe. Tumekulilia Nalumuli nzima."

Habibah alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Alipopata pumzi aliuliza, "Nani alilia? Yule shangazi wa bondeni alilia?"

"Alilia kuliko mimi."

"Mnafiki yule! Na nani tena?" Na mama akaketi kitandani, akamtajia mmoja mmoja. Ya kutokuja kuzika waliyasema baadaye, kwa sauti ya chini, Sifuna hakuwepo.

Mama hakurudi Nalumuli. Alilala sakafuni chini ya kitanda cha mwanawe, juu ya mkeka, kama walalavyo wauguzaji wote, akamwogesha, akamlisha, wakagombana, wakapatana. Mvua za mwaka zilipoanza kukatika, Habibah alifariki alfajiri, kichwa chake mapajani mwa mama. Wakamvika sanda, na kwa kuwa ilibidi azikwe siku hiyo hiyo, alipelekwa paki. Madereva walimbeba mabegani, wakamlaza kati ya viti vya basi la Sifuna.

Sifuna aliendesha. Kifua bado ganzi. Alifika Nalumuli, akasimamisha, akazima injini, akavua kofia. Wanawake walitoka mashambani, wakajipanga kando ya barabara, wakamngoja mwenye msiba ashuke aanze.

Mama Habibah alishuka. Macho yalikuwa makavu. Aliwaangalia wote, kisha akasema kwa upole, "Mimi wangu nilimlilia akiwa hai, nikaenda, tukaonana. Sina tena kilio."

Hakuna aliyejua la kufanya. Asipoanza mwenyewe, nani ataanza? Wengine walitazama chini. Mtoto wa watu alikuwa amelala ndani ya basi na hakuna sauti hata moja.

Sauti ikamtoka Sifuna. Hakujua ilikotoka. Yowe la mwanamume mzima, amekumbatia usukani, analia kwa Kiswahili kile kile kilichowahi kuwakimbiza watu wale migombani: "Dada yangu! Dada yangu wee!" Alimlilia Habibah, akawalilia na wale wengine wote aliowataja dirishani na kwenda kula wali. Okinyi alijaribu kumshika bega, akamwacha. Wanawake walitazamana, halafu, taratibu, wakamwitikia kama aitikiwavyo mwenye msiba.