Kikapu Mgongoni mwa Mama

Siku hizi watu hulipa ili waingie katika nyika ile. Wanafika Voi na magari yao, wanafunguliwa lango, wanaambiwa wasishuke kwa sababu ya simba, na jioni wanarudi wakisimulia walivyoona tembo. Mjukuu wangu mmoja alinionyesha picha ya mto Galana akaniuliza kama nimewahi kufika huko. Nikamwambia nimewahi. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza neno.

Tulipita huko kwa mtumbwi, kisha kwa miguu, watu watatu: mama, baba mdogo na mimi. Nilikuwa msichana mkubwa, wa kuolewa. Tulikuwa tunamrudisha baba nyumbani Kasigau. Cha baba tulichokuwa nacho ni kichwa tu, ndani ya kikapu, mgongoni mwa mama.

Heri nieleze mapema, maana vijana wa kanisani wakisikia habari hizi hushika vifua. Kwetu zamani mzee akifa alizikwa, kisha baada ya misimu kupita kaburi lilifunguliwa, kichwa kikatolewa na kupelekwa kwenye mwamba wa ukoo, kikae pamoja na vichwa vya baba zake na babu zake. Hapo ndipo marehemu alipohesabiwa kuwa amefika. Kabla ya hapo alikuwa bado yuko njiani, na watu wake hawakuwa na amani. Hakukuwa na cha kutisha. Tuliwahesabu wazee wale wa mwambani kama wazee waliokaa barazani.

Baba alifia ugenini. Vita vya Waingereza na Wajerumani vilipofika mlimani kwetu, serikali ilisema watu wa Kasigau wamemwonyesha adui njia. Tukaondolewa sote, wagonjwa na wazima, tukapelekwa pwani, karibu na mahali mto Sabaki unapoingia baharini. Ni mto huo huo mmoja. Huku bara unaitwa Galana. Kule kulikuwa na joto, mbu na homa, na sisi watu wa baridi tulikufa kama kuku wa kideri. Baba hakumaliza hata msimu mmoja. Namkumbuka kwa meno yake. Wanaume wa rika lake walichongwa meno ya mbele yakawa na ncha, na yake yalichongwa vibaya, kwa hiyo akisema neno lenye "s" alipiga mluzi kidogo. Tulimtania, naye akaongeza mluzi makusudi.

Alizikwa mchangani kando ya mto, pamoja na wengine wengi, wa kwetu na wasio wa kwetu. Siku hiyo mama alitukataza kulia.

"Hapa si kwetu," alisema. "Tutalia tukifika."

Nilitii. Ukikalia mguu wako muda mrefu unakufa ganzi, unaugusa hauna habari nawe. Moyo wangu ulifanya hivyo hivyo. Watu walikufa, nikapika. Walizikwa, nikachota maji. Sikuwa jasiri, asinisifu mtu. Sikuhisi kitu tu, na kwa kweli ilinifaa.

Vita vilipokwisha tuliambiwa tutarudishwa Taita, lakini si Kasigau. Mlima wetu ulikuwa bado umefungwa. Wenzetu walikubali safari ya serikali, chombo hadi Mombasa na treni hadi Voi. Mama alikataa kwa sababu moja: alisikia kwamba stesheni askari wanafungua kila mzigo. Akaamua tutapanda na mto hadi utakapokataa, tukate nyika kwa miguu, tumfikishe baba mwambani kwa siri, halafu twende Sagalla kwa ndugu zake mama tukaombe pa kuishi.

Kufungua kaburi ni kazi ya wanaume, na mwanaume tuliyebaki naye alikuwa baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja. Alikuwa mtu wa maneno mengi, wa kucheka hata penye msiba. Alikwenda peke yake na jembe. Aliporudi alikuwa na kitu kimefungwa katika kaniki, fundo juu ya fundo, akamkabidhi mama bila kumtazama usoni. Mama alikitia kikapuni, akapitisha ukanda wa kikapu kwenye paji la uso kama wanawake wa kwetu wanavyobeba, akainama mbele kidogo, akasema twende.

Mwenye mtumbwi alikuwa Mgiriama wa makamo. Mtumbwi wake ulikuwa gogo lililochongwa, mwembamba, unavuja, nasi watu wa mlima tuliingia ndani yake kama mbuzi wanaopelekwa sokoni. Mvua za bara zilikuwa zimeujaza mto, maji mekundu, mazito. Yeye alisimama nyuma akisukuma kwa upondo. Baba mdogo alishika kingo mbili kwa mikono miwili, wala hakuziachia isipokuwa kuchota maji yaliyoingia na kuyamwaga nje kwa kibuyu.

"Mama, weka hicho kikapu hapo chini katikati," mwenye mtumbwi alisema. "Chombo kitakaa sawa."

"Hapana," mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha kujifunzia ukubwani. "Hii iko sawa hapa kwa mimi."

Akakipakata siku zote za mtoni. Tulilala ukingoni, tukaamka, tukaendelea. Penye mchanga mwingi tulishuka, tukavuta mtumbwi kwa kamba, mimi na wanaume, maji magotini, jicho moja likitafuta mamba. Nilijua ninapaswa kuogopa. Nilikuwa nikiyatazama magogo yanayoelea na kujiuliza lipi litafumbua jicho, kama mtu anayechagua viazi.

Siku moja kiboko aliibuka mbele yetu, karibu mno. Mwenye mtumbwi akakata kona ghafla, tukapanda mchanga ubavu mmoja, mtumbwi ukalala, na kila kitu kikamwagika. Mama alianguka pamoja na kikapu. Nikaona mikono yake juu ya maji, kisha nikaona kikapu kikienda zake peke yake, kinazunguka taratibu. Baba mdogo alikuwa karibu nacho kabisa. Angenyoosha mkono tu. Lakini alijitupa upande wa pili, akakumbatia mfuko wa unga.

Kikapu kilinaswa na upondo wa yule Mgiriama. Mama alitoka majini akitetemeka. Hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Ndugu yako anakwenda na maji," alimwambia baba mdogo, "wewe umeshika unga."

"Tutakula nini, shemeji?"

Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili, na mama hakumsamehe kwa hilo. Mimi nilikaa mchangani nikitazama maji yakichuruzika kutoka chini ya kikapu. Nilikuwa na kiu. Hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni, kiu.

Mwenye mtumbwi hakuelewa lugha yetu, ila alielewa jambo. Tangu hapo hakukiruka kile kikapu, alikizunguka. Tulipofika mahali miamba inapoziba mto alituambia hapa ndio mwisho, juu ya hapa mto hautaki mtumbwi. Akatusaidia kupanga mizigo. Mwisho akakiinamia kikapu na kusema, "Safari njema, mzee." Mama alimtazama mtu yule kwa shukrani ambayo sikuwahi kumwona akimpa mwingine.

Kuanzia pale ilikuwa nyika. Miti mikavu isiyo na majani, miiba inayokamata nguo na kukataa kuachia, udongo mwekundu hadi kwenye kope. Mimi nilibeba unga, sufuria na ngozi za kulalia, baba mdogo kibuyu kikubwa cha maji, upinde na moto, mama kikapu. Nilimwomba anipe nimpokee kidogo, akanikatalia. Shingo yake ilikuwa imevimba kwa ukanda.

Kila asubuhi kabla ya kuondoka alizungumza nacho. "Baba wa huyu, kumekucha. Tunaenda." Nami nilisalimia, kwa sababu ni adabu. Baba mdogo wakati huo huwa yuko mbali, anakaza kamba ambazo zimeshakazwa. Nilidhani ni huzuni yake. Nikamwonea wivu, kwamba yeye anayo.

Maji tuliyategemea katika mkondo mkavu wa mto Voi, na hata hapo tulikuwa wageni. Wenyewe ni tembo. Tembo huchimba mchanga kwa mguu, maji hujikusanya taratibu shimoni, naye hunywa bila haraka yoyote. Tulikaa upande ambao upepo ulitoka kwao kuja kwetu, wasitunuse, tukawangoja wamalize, wakubwa kwa wadogo, wekundu kama udongo wenyewe. Walipoondoka tulikwenda kukusanya kilichobaki, maji yenye harufu yao. Mama alichovya kiganja akanyunyizia kikapu kwanza.

"Shemeji, maji haya machache," baba mdogo alisema.

"Ni yake pia."

Baba mdogo akaziba kibuyu. Baadaye, tulipokuwa tumekaa kwenye kivuli kisichotosha, alisema tena, kwa sauti ya chini, kwamba mama amechoka, kwamba tungeweza kumwacha mzee hapa chini ya jiwe zuri, tumrudie mambo yakitulia. Mama alivaa ukanda wake.

"Alishaachwa mara moja mchangani," akasema.

Tulivuka reli mchana, tukiwa tumejificha kwanza hadi treni ipite. Ilipita na watu madirishani, wamekaa. Ng'ambo ya reli Kasigau ulikuwa umesimama mbele yetu peke yake, vilevile, na wingu lake kichwani. Nilingojea moyo ushtuke. Nilifikiri labda tukikaribia zaidi.

Kijiji hakikuwepo. Kulikuwa na mawe ya meko, na vigogo vya nyumba vilivyoungua, na migomba iliyokatwakatwa na tembo, maana wao hawakuhamishwa na mtu. Mama hakusimama. Alipanda moja kwa moja kuelekea mwambani. Zamani wanawake hawakufika pale, lakini zamani wanaume walikuwa wengi.

Wazee walikuwepo. Wamejipanga chini ya mwamba, weupe, wanatazama bondeni, na kando ya babu yangu pengo la mtu mmoja. Ndipo baba mdogo alipochangamka ghafla.

"Nipe, shemeji. Nimweke na kaniki yake. Kuna baridi."

Mama alimtazama. "Nani hapa amevaa kaniki?"

Akakaa chini, akaanza kufungua yale mafundo. Yalikuwa yamekaza kwa maji ya mto, alitumia meno. Baba mdogo alisogea nyuma. Kaniki ilipofunguka, mama alikigeuza kile kichwa kuelekea mwangani, nasi sote tukaona meno. Yalikuwa mazima, yamenyooka, yote. Hayakuwahi kuguswa na patasi ya mtu wa kwetu.

 Ndege wa mlimani walikuwa wanalia kama kawaida yao.

"Mto ulihama, shemeji," baba mdogo akasema mwishowe. "Mafuriko yalichukua upande ule wote. Kaburi la ndugu yangu halikuwepo. Nilitafuta. Huyu nilimkuta ukingoni, nusu yake nje." Alikuwa anapangusa mikono kwenye nguo, anapangusa tena. "Nilijua nikirudi mikono mitupu hutaondoka pale. Ungekaa kumngoja mpaka homa ikumalize, na mtoto naye."

Ilikuwa kweli, na mama alijua ni kweli. Nafikiri hilo ndilo lililomnyima hata mtu wa kumgombeza.

Kwetu, mbele ya wazee, watu hutasa. Unachukua maji au pombe kinywani, unataja hasira uliyo nayo, unaipuliza nje pamoja na maji ili isibaki moyoni. Tulikuwa tumebakiza maji kwa kazi hiyo, tukayanyima koo zetu njia nzima. Mama alimimina katika kata, akapiga funda. Nikamwona amekaa na yale maji kinywani, mashavu yamejaa, anawatazama wazee na yule mtu mapajani pake. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha akayameza.

Akainuka, akamweka yule mtu kwenye pengo, kando ya babu. Akamgeuza uso kuelekea bondeni kama wengine.

"Wenyeji wako ni hawa," akamwambia. "Sikujui. Kaa."

Baba mdogo alikuwa ameinamia jiwe, mabega yanatikisika. Mimi niliuliza nilichotumwa kuuliza na miaka yote ile.

"Mama, tulie sasa?"

"Tumlilie nani?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nikajitafuta ndani, nikakuta ganzi ileile, imekaa mahali pake, na nikaelewa kwamba sitakuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Baba alikuwa ameshafika baharini zamani, na meno yake.

Tukaanza kushuka kuelekea Sagalla. Baba mdogo mbele, mama nyuma yake, mimi mwisho. Mama alikuwa amevaa kikapu, ukanda kwenye paji la uso, mgongo umepinda mbele, anakanyaga kwa uangalifu kwenye mawe kama mtu anayechelea mzigo usiyumbe. Nikamwambia kikapu ni kitupu, mama, nyooka upumzike.

"Najua," akasema, na akaendelea kuinama vilevile.