Alama ya Ramani Aliyoituma Shangazi

Saa kumi na mbili asubuhi, mwanamke aliyevaa mabuti ya mpira anavuta reki kwenye wavu wa chuma unaozuia takataka zisiingie kwenye mabwawa ya majitaka. Chupa. Kandambili ya mguu mmoja. Nywele za bandia. Kila baada ya muda anasimama, anatazama maji, kisha anatoa daftari na kuandika.

"Korongo wawili. Na kenge, yule wa mkia uliokatika," anasema. "Leo si haba."

Wenzake humwita Shangazi. Ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumikia hapa, mahali ambapo wapita njia huziba pua.

Kwa miaka minne alituma alichokiona kwenye kundi la simu la watu 214 wa mji wake wanaopenda viumbe. Wengine hutuma kinyonga wa uani au popo wa darini. Habari za Shangazi ndizo zilizongojwa pamoja na chai.

Kundi lina sharti moja: ukiona mnyama mwenye watoto, usitaje mahali.

Mwezi wa tatu, chini ya bomba la bwawa la saba, alimwona fisi maji, mnyama mwenye manyoya laini aogeleaye kama samaki. Mjini hapo alikuwa hajaonekana kwa miaka mingi. Alikuwa na watoto wawili. Shangazi alipiga picha harakaharaka, ikatoka na ukungu.

"Hongera, Shangazi, kwa kupata paka aliyelowa," aliandika mwalimu mstaafu, mchekeshaji wa kundi. Vicheko vikamiminika.

"Niliumia," anasema Shangazi. "Kudharauliwa kwa kazi hii nimezoea. Lakini macho yangu? Nikawatumia alama ya ramani. Njooni mjionee!"

Wakaja. Siku ya kwanza sita. Siku ya tatu zaidi ya arobaini, wengi hata si wa kundi. Mtu mmoja alichokoa shimo lao chini ya bomba kwa fimbo ili mama atoke apigwe picha. Alitoka kweli, mtoto mmoja mdomoni, akapotelea kwenye matete.

Siku mbili baadaye, Shangazi alimkuta mtoto wa pili kwenye wavu, amekufa. Aliiweka reki chini, akamtoa kwa mikono.

Mwalimu alikuja kumtaka radhi. "Dada, ulimi wangu ndio ulioanza."

"Ulimi wako ulinichokoza tu, kaka. Aliyetuma ni mimi, na sharti nililijua."

Tangu hapo hajatuma chochote. Kila asubuhi, kabla ya kazi, huenda bwawa la saba kutafuta nyayo kwenye tope. Husali hukohuko, maneno machache: asamehewe, na mnyama arudishwe.

Miezi mitano imepita bila unyayo. Wiki iliyopita aliona kichwa cha kambare kilichotafunwa. Huenda ni kenge. Huenda si kenge. Msimamizi amemruhusu apande matete kuziba njia iendayo bombani, na ameshaanza.

Alipoombwa ampigie simu mwandishi wa habari hii siku fisi maji atakaporejea, alicheka kwa mara ya kwanza.

"Mwanangu, akirudi hutasikia. Hata mume wangu hatasikia. Nitamshukuru Mungu, tena kwa kunong'ona."