Daftari Dogo Jeusi

Pale kwenye karakana ya pampu za maji, mke wa mzee fundi ndiye aliyekuwa akitunza stoo. Wote walimwita Mama Stoo. Hata yeye mumewe, hata nyumbani.

Pampu ina mambo. Mteja huyu anataka injini kubwa, yule fremu ya magurudumu, mwingine swichi ya kujizima yenyewe. Mama Stoo aliyagawa yote. Daftari jekundu la injini, la kijani la pampu, la bluu la fremu, la njano la swichi.

"Kila mtu na nyumba yake," alikuwa akisema. "Ikija injini mpya nagusa jekundu tu. Wengine walale."

Na kipi kinakubali kukutana na kipi, hilo aliliandika katika daftari dogo jeusi, la mfukoni mwa aproni.

Mzee hakusoma. Mkewe alimtania: "Wewe hata jina lako ukikutana nalo njiani hulisalimii." Yeye akicheka, akifunga boliti. Miaka thelathini na mmoja.

Jumanne moja, wiki ya tatu baada ya mazishi ya Mama Stoo, binti yao mhandisi alikaa kwenye benchi akiyaingiza madaftari katika kompyuta. Saa sita lori la hospitali lingekuja kuchukua pampu. Yao imekufa, wauguzi wanabeba ndoo.

"Baba, haya manne nimemaliza. Mama alitupita sote. Sasa lile jeusi liko wapi? Bila hilo nina vyumba vinne visivyo na mlango."

Mzee akafuta mikono kwa tambara. Akafuta tena.

"Lile dogo?"

"Ndiyo. Yote manne yanalitaja."

"Nilidhani la sala, mwanangu. Halikutoka mfukoni mwake. Nikamwekea mkononi, tukafunga sanduku."

Binti akafungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta.

Basi mzee akajaribu kwa mikono. Injini mpya, pampu kubwa. Boliti zikaingia zote nne, laini kabisa. Wakawasha. Ikatetemeka kama mwenye homa, na kile kiungo cha mpira katikati kikakatika vipande.

"Hizi hazipatani," akasema.

Binti akaandika. Mstari mmoja.

"Na nyingine, baba?"

Mzee akatazama rafu. Injini sita, pampu tisa, fremu hata hakuzihesabu.

"Ni kumuuliza yeye," akasema.

Honi ikalia getini. Mzee akatoka kwenda kumwambia dereva. Katikati ya uwanja akasimama. Wateja wa kuambiwa "hakuna", siku zote aliyewaambia ni Mama Stoo.