Blanketi la Darini

Nna hasira mpaka leo, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe, ndiyo maana hainiishi.

Fundi Suleiman, mtu wetu wa Unguja, alikuja nyumbani kwangu, huku ugenini mtaa wa Mawaleh, kutandika sufi ya kuzuia joto darini. Akaacha tundu kubwa la hewa ukutani. Nikaona huo uvivu. Eesii ipoze kutwa, baridi itoroke nje? Alipoondoka tu, nikachomoa kitu kizito kabatini, nikapanda, nikaliziba.

Mwezi haukwisha, dari ikajaa madoa, maji yakaanza kunidondokea kitandani! Nikamwita fundi, nikamfokea mbele ya wifi yangu aliyekuja kunitazama. "Kazi gani hii? Huna haya?"

Fundi alipanda ngazi, akashuka na furushi linalochuruzika maji.

"Bibi, mvuke wa bafuni unapanda huko juu. Umeliziba tundu, utatokea wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, lakini wifi alishalichukua furushi, analikunjua. Blanketi jekundu, lenye picha ya tausi.

"Wifi," akasema taratibu, "hili si lile nililokuazima harusi ya mwanao, ukaniapia wallahi umenirejeshea?"