Sima ya Matanga

Nikinusa sima iliyoungua, hadi leo huinuka nikaondoka. Nilikuwa na miaka tisa, mwaka wa njaa, alipofariki mkubwa wetu wa huku Sabaki. Yeye ndiye aliyemlazimisha kila mwenye shamba kutia mahindi katika ghala moja, ili wajane na mayatima wapate kula. Mimi na mama tuliponea hapo.

Wenye mashamba waliokuwa wakimtukana walikuja matangani, wakalifungua ghala lile lile wapikiwe sima siku saba, hata ikawa inaungulia vyunguni.

"Mama, na sisi?"

"Nyamaza, mwanangu. Wanamlilia mzee."

Kulia gani! Walikuwa wakicheua. Walipoondoka wakimsifu, ghalani mlibaki panya.

Leo nina minazi mia mbili, ng'ombe kumi na wanne, nyumba ya mabati, na ghala ambamo wajane huchota. Wanangu nimewausia: nikifa, asipikiwe mtu.