Ngazi za Chumba cha Vitabu

Ninafundisha Kiswahili watoto wa chekechea hapa Remera, na sijui kufundisha kwa utulivu. Nikifungua kitabu cha picha, hata mlinzi wa getini anajua. Asubuhi ile nilisoma kisa nilichokichora mwenyewe: wanyama wamealikwa karamu juu kilimani, wote wamepewa ngazi zilezile, na kobe amebaki chini akisikiliza vicheko. Nikauliza kama hiyo ni haki.

"Hapana, ticha," akasema mmoja. "Kobe naye iko na njaa."

Nikawapa rangi wachore shule yetu. Karibu wote walichora chumba cha vitabu na mito yake ya kukalia. Msichana wetu anayetembea kwa magongo alichora ngazi tupu, ukurasa mzima. Chumba kile kiko juu, ngazi chache kutoka uwanjani, na saa ya hadithi alikuwa akibebwa mgongoni kama kitoto kichanga. Siku hizo alikuwa amekataa kabisa kubebwa, akawa anabaki chini.

Wenzake waliitazama picha yake, wakamtazama kobe wangu.

"Kwa hiyo kobe ni yeye?" mmoja akauliza.

"Yeye si kobe," rafiki yake akajibu kwa hasira. "Ngazi ndiyo mbaya."

Nilitaka kuruka hadi dari. Nikaichukua ile picha mbiombio kwa mwalimu mkuu, mama aliyekulia Bujumbura, asiyependa kelele zangu. Aliiangalia, kisha akatazama kalenda ukutani.

"Tusingoje bajeti, mwalimu," akasema. "Umuganda iko karibu."

Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, wazazi na majirani ambao kwa kawaida huzibua mitaro ya barabarani walikuja na majembe, mchanga na saruji. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kabla ya saa ya mkutano wa mtaa unaofuata kazi, njia ya mteremko ilikuwa imeshatandazwa kando ya ngazi, nami nimepakaa saruji hadi kwenye nywele, nikicheka ovyo.

Saruji ilipokauka, kengele ya hadithi ikalia. Ngazi zilibaki tupu. Kila mtoto alitaka kupita njia mpya, wakapanga foleni hadi uwanjani, na msichana wetu wa magongo akawa wa mwisho. Subira sina.

"Mpisheni mwenzenu," nikasema.

Alinikunjia uso, akakita magongo yake chini.

"Acha, ticha. Mimi iko kwa foleni."

Nikaenda kusimama nyuma yake.